Karanga za Nyumbani

Siku niliyomwona Kulusumu mara ya kwanza, alikuwa ameingiza mkono ndani ya gunia la karanga mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa siku ya soko Buwenge. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshika ndoano ya mizani ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Mukama, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu wakati ule. Wanunuzi wengine walichota karanga za juu, wakatafuna kidogo, wakalipa. Yeye alichimba. Alitoa kiganja kizima kutoka tumboni mwa gunia, akanusa, akavunja moja kwa meno na kuitema.

"Mama, unanunua karanga au unachumbia?" Mukama alimwuliza, na watu wakacheka.

"Ningekuwa nachumbia ningeangalia sura," alijibu bila kuinua kichwa. "Hapa naangalia tumbo. Juu ya gunia hata mwizi anaweka nzuri."

"Sasa hizo zina nini?"

"Zimelala na maji. Mrudishie aliyekuuzia."

Alikataa gunia baada ya gunia mpaka Mukama akaacha kucheka. Nilipomfungia yale aliyoyakubali aliniuliza jina. Nikamwambia ni Isabirye, nikanyamaza.

"Huyo usimsumbue, mama," Mukama akasema. "Maneno yake anayapima kama sukari ya mgonjwa."

"Basi huyo ndiye namtaka. Nina mashine ya kusaga karanga sokoni Mbale. Niliyemweka hapo alikuwa anapiga soga na wateja mpaka karanga zinaungua."

Ndivyo nilivyohamia Mbale, mimi Msoga ambaye sikuwahi kuvuka mto wa Namatala. Kulusumu na mumewe Nasif waliishi Nakaloke, na walinipa chumba cha mwisho katika ua wao. Lumasaba, lugha yao, sikuijua, na Lusoga yangu wao hawakuijua, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Cha Nasif kilitoka kwa baba yake aliyekuwa askari, kwa hiyo hata alipoomba chumvi ilikuwa kama anatoa amri. Alikuwa fundi wa baiskeli, mwembamba, mcheshi, na aliniita Bwana Kimya. Walikuwa na binti mkubwa, Shakirah, na wadogo zake wawili.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri Kulusumu alitandika mkeka uani na kuchambua karanga. Alizigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la karanga nzima, zinazong'aa, za kuuzwa kwa kilo. La pili lilikuwa la zilizopasuka lakini safi, hizo nilizisaga mimi, zikauzwa katika makopo. La tatu lilikuwa la zilizokunjamana, zilizotobolewa na wadudu, zenye weusi, na zile ambazo ukizifungua unakuta kitu kama unga wa kijani kwenye jicho. Hizo zilikuwa na jina lake. Tuliziita za nyumbani.

Wafanyabiashara wengine fungu la tatu waliliuza kwa bei ya chini kwa watu wenye shida, au walilichanganya na zuri wakasaga pamoja. Kulusumu hakukubali. Mtu akija kuomba zile mbaya kwa bei nafuu, alimjibu kwamba hana.

"Si zile pale?" mteja angesema.

"Zile si za kuuza. Chakula cha mtu ni amana. Siwezi kumlisha mtoto wa mwenzangu kitu ambacho mimi mwenyewe nimekitupa pembeni."

Lakini kutupa kabisa hakuweza. Mama yake alimlea hivyo, kwamba karanga ni jasho, na kumwaga chakula ni kufuru. Kwa hiyo za nyumbani alizikaanga sana mpaka zikawa nyeusi kidogo, akaongeza ufuta na chumvi, nami nilizisaga jioni, za mwisho kabla ya kuosha mashine. Kisha alizipika pamoja na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi huko mlimani. Moshi wa malewa ulificha uchungu wote. Nasema kweli, sijala mchuzi mtamu kuliko ule, na ninaona haya kuandika hivyo. Bakuli kubwa lilikwenda kwa Nasif kwa sababu ni baba wa nyumba. La pili lilikuja kwangu kwa sababu ni mgeni. Yeye na watoto walikula kilichobaki.

"Mchuzi huu mtu akiukosa peponi atarudi," Nasif alisema, akifuta bakuli kwa kipande cha matoke.

Nataka ieleweke Kulusumu alikuwa mtu wa namna gani. Jinja alikuwa na mteja mmoja Mhindi, mama Manjula, aliyekuwa akinunua karanga nzima za kutengenezea vitamu vya sikukuu yao. Mwaka mmoja mama Manjula alipiga simu akasema amekuta karanga moja chungu. Hakuwa amekasirika, alisema tu kama mtu anavyosema habari. Kulusumu alipanda gari asubuhi iliyofuata na kilo moja mpya mkononi, akaenda mpaka Jinja kuomba msamaha. Aliporudi nilimwuliza mama yule alisema nini.

"Alinicheka. Akanipa chai." Kisha akasema, "Lakini karanga chungu ilipita katika mikono yangu, Isabirye. Nilikuwa natazama wapi?"

Mwaka juzi, kabla ya mwezi wa Ramadhani, Nasif alianza kuacha chakula. Kwanza alisema ni vidonda vya tumbo, akanunua dawa dukani. Kisha ubavu wa kulia ukaanza kumuuma, tumbo likajaa wakati mikono inakonda, na macho yakawa ya njano. Katika hospitali walimpima kwa picha, wakaona uvimbe katika ini, mkubwa, usioweza kukatwa. Wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Na hapo hospitalini ndipo walipokutana na watu wa utafiti.

Walikuwa wanatafuta wagonjwa wenye ugonjwa kama wa Nasif, na kwa kila mgonjwa wanatafuta mtu mwingine wa umri wake, wa mtaa wake, ambaye haumwi. Wanawauliza wote wawili maswali yale yale, wanawapima damu, na kulinganisha. Walitaka kujua ni kitu gani kinaleta ugonjwa huu katika sehemu zetu, na ni nani anayeishi muda mrefu nao. Aliyekuja nyumbani alikuwa nesi, Sista Nandutu, mwanamke wa Mbale, mpole, mwenye kompyuta bapa ya kubonyeza kwa kidole.

Siku hiyo alikuwepo pia kaka mkubwa wa Nasif, Hajji Bruhan, mwenye duka la vyuma Nalufenya kule Jinja. Yeye ndiye aliyewanunulia mashine ya kusaga walipoanza. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, tasbihi mkononi. Mimi nilikuwa kizingitini.

"Mzee, unakunywa pombe?" Sista Nandutu aliuliza.

"Mimi Mwislamu," Nasif akajibu kutoka mkekani.

"Naandika hapana?"

"Andika hapana. Lakini ujana wangu usiuandike."

Hata Hajji alitabasamu. Maswali ya chakula yalipofika, Sista alimgeukia Kulusumu kwa kuwa yeye ndiye mpishi, akamwita mama kwa Lumasaba.

"Mayi, karanga mnakula mara ngapi?"

"Kila siku. Ni kazi yangu."

"Unazichambua kabla ya kuuza?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Uliza soko zima." Alisema kwa fahari.

"Na zile unazozitoa, zilizokunjamana, zenye ukungu, zinakwenda wapi?"

Kulusumu alimtazama Hajji. Najua alichokiona pale. Aliona shemeji yake, mtu mwenye duka, akisikia kwamba mke wa ndugu yake anauza nzuri sokoni na kumpikia mumewe makapi. Wakati huo hakujua kwamba swali lile lina uzito mwingine. Aliona aibu tu ya jikoni.

"Kuku wanakula," alisema.

Nasif aligeuza kichwa polepole akamtazama. Mimi nilitazama miguu yangu. Sista akabonyeza.

Alipomaliza yote alifunga kompyuta yake, na Kulusumu akamwuliza kwa nini wanauliza karanga sana kuliko pombe.

"Ule ukungu, mayi, unaacha sumu ndani ya karanga," Sista akasema. "Huioni. Kukaanga hakuimalizi. Mtu akiila miaka mingi, ini ndilo linalobeba. Sasa tunataka tujue hapa kwetu linabeba kiasi gani, ili tuwaambie watu ukweli. Majibu yakiwa ya kweli, tutajua. Yakienda pembeni, kesho tutawaambia akina mama kwamba karanga mbovu hazina neno." Kisha akamshika mkono. "Wewe ulifanya vizuri. Nyumba nyingi wanazila. Lakini hata kuku usiwape tena."

Sijaona mtu akisifiwa na kuumia namna ile. Alisimama akaenda jikoni, tukasikia sufuria zikigongana.

Kabla ya kuondoka Sista aliniona mimi. Akaniuliza umri wangu, akauliza nimeishi ua ule muda gani, akasema nafaa kuwa mtu wa kulinganishwa na Nasif. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi. Alinitoa damu, akasema maswali yangu atakuja kuyauliza siku nyingine, nikiwa peke yangu.

Hajji naye alipokwenda kuswali msikitini, Kulusumu alitoka jikoni akakaa karibu na mkeka.

"Leo nimejua kwamba mimi ni jogoo," Nasif akamwambia.

"Nasif, usinitanie."

"Sikutanii. Jogoo aliyelishwa vizuri, huyo."

Alimpapasa kichwani juu ya mtandio. Nilisogea, nikaenda kukaa nje. Jioni hiyo Kulusumu alichukua kopo la za nyumbani nililokuwa nimesaga, akalitumbukiza chooni, kopo na yote. Kisha akaja mlangoni kwangu.

"Ulipokuwa unasaga zile, harufu uliisikia?"

"Niliisikia."

"Hukusema."

"Nilidhani ndiyo harufu yake."

"Na mimi nilidhani hivyo," akasema, akaondoka.

Nasif alikufa baada ya Idi. Alikuwa hatambui watu siku za mwisho, isipokuwa mke wake. Tulimzika Nakaloke alasiri ile ile, na Kulusumu akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Mimi nilihama chumba changu, maana haifai mwanamume asiye ndugu kulala katika ua wa mjane, nikalala nyuma ya mashine sokoni. Hajji Bruhan alibaki Nakaloke kusimamia mambo ya msiba na mirathi. Kila aliyekuja kutoa pole alimwuliza swali moja: ndugu yangu alikuwa anakula nini? Alikuwa mtu wa huzuni nzito, na huzuni yake ilitaka mahali pa kukaa.

Siku moja Shakirah alikuja kwenye mashine akasema mama yake ananiita. Nilikaa uani kwenye kibao, Shakirah akakaa kwenye ngazi, na Kulusumu akazungumza kutoka nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu yake tu.

"Isabirye, Sista Nandutu umemwona?"

"Sijamwona."

"Nenda hospitali umwambie nilidanganya. Hakuna kuku."

"Mama!" Shakirah akasema. "Baba mkubwa akisikia atatutoa humu."

"Najua."

"Na baba amekwisha kufa. Utamrudisha?"

"Baba yako yumo ndani ya kile chombo cha Sista," Kulusumu akasema. "Yumo kama mtu ambaye hakula karanga mbovu hata siku moja, na ini likaoza tu. Wataambiwa watu nini? Wataambiwa wazile tu. Mwanamke mwingine hapa Nakaloke anapika sasa hivi, na mimi niliulizwa, nikataja kuku."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo alilokuwa amelishika. Hakuwa anatafuta kusamehewa. Alitaka jibu lile litoke katika ulimwengu, hata kama lingemtoa na yeye nyumbani.

Nilikwenda. Mimi kuongea na watu wa ofisi ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wao mpaka watu wote niliowakuta wakahudumiwa, na kila mlango ulipofunguliwa nilijifanya nafunga kiatu. Mwishowe Sista mwenyewe alitoka akanitambua. Nilimwambia yote kwa pumzi moja nikiwa nimetazama ukuta.

Hakukasirika. Alikaa karibu nami. "Jibu la mtu siwezi kulipokea kutoka kinywa cha mwingine, bwana Isabirye. Lazima aseme mwenyewe. Na mwisho wa mwezi tunafunga maswali."

"Mwisho wa mwezi bado yuko eda."

"Basi nitamfuata. Lakini mwambie, akitaka, tutazungumza yeye na mimi tu. Ni haki yake."

Alikuja Jumatano. Hajji Bruhan alikuwa sebuleni, tasbihi ile ile mkononi, na mimi nilikuwa nimeleta pesa za mashine kama kawaida. Sista aliomba kuzungumza na Kulusumu chumbani.

"Hapana, mwanangu, kaa hapa hapa," Kulusumu akasema. Alikuwa amejifunika nguo nyeupe na sauti yake ilikuwa chini. "Nilidanganya mbele yake, nitasema mbele yake. Karanga nilizozitoa hazikuliwa na kuku. Alikula Nasif. Nilizipika mimi."

Tasbihi ilisimama. "Kwa muda gani?" Hajji akauliza.

"Tangu aliponioa."

"Ndugu yangu alilishwa makapi?"

"Alilishwa tulichokuwa nacho, Hajji."

"Mlikuwa na karanga nzuri. Ziko wapi?"

"Niliziuza," Kulusumu akasema. "Ndiyo, Hajji. Nzuri niliziuza."

Sijui nilipata wapi sauti. "Na mimi nilikula, Hajji," nikasema kutoka mlangoni. "Sufuria moja. Na watoto pia."

Aligeuka kunitazama, macho yamejaa maji. "Na mbona wewe uko hai?"

Sista ndiye aliyejibu. Alimkumbusha Hajji jambo ambalo Nasif mwenyewe aliwahi kuwaambia, kwamba damu yake ilikutwa na virusi vya homa ya ini, labda tangu utoto. Akaniuliza kama naruhusu aseme yangu, nikatikisa kichwa kukubali. Yangu haikuwa na virusi. Akaeleza kwamba virusi peke yake vinaumiza ini, na sumu ya ukungu peke yake inaumiza, lakini vikikutana ndani ya mtu mmoja hatari inapanda sana, zaidi ya kujumlisha hiki na kile. Akasema Kulusumu na watoto wote wapimwe, na ambao hawana wachanjwe.

"Kwa hiyo aliyemuua ndugu yangu ni nani?" Hajji akauliza. "Mke wake au hao virusi?"

"Mzee, utafiti hauwezi kujibu hilo. Sisi tunalinganisha watu wengi. Juu ya mtu mmoja sina la kusema, na anayekuambia analo, usimwamini."

"Lakini umebadilisha?" Kulusumu akamwuliza. Hakuwa anasikiliza lingine.

"Nimebadilisha, mayi."

Siku hiyo hiyo Sista aliniuliza mimi maswali yangu, na la karanga nikajibu sawasawa.

Hajji hakumfukuza. Alisema nyumba ni ya watoto wa ndugu yake, na Kulusumu atakaa nao. Lakini mashine aliinunua yeye, na hawezi kulala Jinja akijua inazunguka mikononi mwa mwanamke yule. Eda ikiisha itakwenda Nalufenya, na mimi nikitaka niifuate. Nilijaribu kumwambia kwamba mashine haina kosa, na mama hakujua. Niliyasema maneno hayo nikiwa peke yangu njiani, kwa ufasaha sana. Mbele yake sikuyasema.

Eda ilipoisha Kulusumu alirudi sokoni kwa siku chache tulizobaki na mashine. Alichambua kama zamani, mafungu matatu, lakini fungu la tatu alilipeleka nyuma ya soko akalichimbia shimo na kulifukia. Kisha akaanza kuwaambia wenzake. Alikwenda meza kwa meza, mwanamke aliyekuwa na sifa ya ukali, sasa anaomba.

"Milly, dada yangu, zile usiuze. Na usizipeleke nyumbani."

"Nizipeleke wapi? Kwako?" Milly, jirani yetu wa meza, akamjibu. "Wewe umezila miaka yote unanenepa."

"Nasif hakunenepa."

"Kila mtu ana siku yake. Usituletee mkosi hapa, Mama Sumu."

Jina hilo lilimshika. Watoto wa soko waliliimba akipita. Wanaume waliokuwa wakinunua kwake bila kuuliza bei walianza kunusa. Yeye aliyekwenda mpaka Jinja kwa ajili ya karanga moja, sasa watu walifungua makopo yake na kuchovya kidole kwanza. Nilimwambia aache kusema, angalau mpaka maneno yapoe.

"Nikinyamaza nitakuwa nimerudi kwenye kuku," akasema.

"Sista alisema kuna virusi pia. Si wewe peke yako."

"Virusi Nasif alivipata bila mimi kujua. Karanga nilizitoa mimi moja moja, Isabirye. Niliziona kuwa ni mbaya. Nikazibeba nyumbani."

Nambozo, mwanamke mmoja muuza maharage, peke yake ndiye aliyekuja siku moja na ungo wake, akamwomba amwonyeshe ukungu unakaa wapi. Kulusumu alimwonyesha mpaka jioni.

Mimi sasa niko Jinja, nasaga karanga Nalufenya katika duka la Hajji. Hajji ameweka sharti kwamba zisizochambuliwa hazisagwi, na wateja wananung'unika, naye anawajibu vikali kuliko hata Kulusumu. Mara kwa mara watu wa utafiti wananipigia simu kuuliza kama ningali hai na kama ini langu liko salama. Najibu ndiyo, nikikata simu naona haya, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake. Shakirah na wadogo zake walipimwa wakakutwa salama, wakachanjwa. Kulusumu alifariki mwaka huu mwezi wa Februari, kwa presha, ghafla, akiwa kwenye mkeka wa kuchambulia. Nilipata habari baada ya maziko. Matokeo ya utafiti hayajatoka, kwa hiyo hakuyasikia.

Mara ya mwisho tulionana asubuhi ile lori la Hajji lilipokuja kuchukua mashine. Wapakizi waliifunga kamba, Milly na wengine wakitazama mikono kiunoni. Kulusumu alisimama kando, mtandio umeshuka usoni. Nilitaka kumwambia kwamba nilikula kwa hiari yangu, na kwamba nilishiba, na kwamba nyumba yake ndiyo nyumba niliyoijua. Nilisema tu, "Mama, nakwenda."

Alikuja mpaka kwenye tairi la lori, karibu, ili wengine wasisikie.

"Ukiugua siku moja, Isabirye," akasema, "wasikuulize mara mbili kama walivyoniuliza mimi. Waambie mara moja kwamba ulikula kwangu."